Akisoma "baba" akasema "dada", usimwite mjinga

Kuna kijana wa jirani hapa Pioneer, Eldoret, ana miaka kumi. Kwenye kibanda cha mboga cha mamake anakupigia hesabu ya chenji na hakosei hata shilingi. Sasa mpe kitabu cha gredi ya pili. "Baba" anasoma "dada". Mstari mmoja tu unamtoa jasho. Shuleni jina lake ni mzembe.

Mimi namwelewa. Niliacha koleji kwa sababu kila mtihani muda uliisha nikiwa bado nasoma swali la tatu. Sijawahi kupimwa, kwa hivyo sijipi jina. Lakini hata haya unayosoma niliyasema kwanza kwenye simu, ndio nikayaandika.

Disleksia si uvivu wala ukosefu wa akili. Ni ubongo kupata kazi ngumu kuunganisha herufi na sauti yake. Kiboko hakiiondoi, miwani pia haiiondoi. Kinachosaidia ni kufundishwa tofauti: sauti moja moja, silabi polepole, mtoto akisikia, akiona na kuandika kwa pamoja. Akianza mapema, mambo yanakuwa rahisi zaidi.

Sasa serikali iko wapi? Wasee, tuseme ukweli, kuna kitu kipo. Tangu 1984 Kenya ina vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalum, vinaitwa EARC, vilivyoanzishwa kwa msaada wa Denmark. Mwaka wa 1986 ikaja KISE, taasisi ya kufunza walimu wa elimu maalum, iliyoko Kasarani, Nairobi. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata elimu. Halafu sera ya 2018 ikasukuma watoto hawa wasome na wenzao katika shule za kawaida.

Shida ni kwamba mtoto asiyeona, mwalimu anamjua siku ya kwanza. Mwenye disleksia haonekani. Darasa likijaa, anayenyamaza kule nyuma hamsumbui mtu. Anasukumwa gredi hadi gredi, mpaka siku anachoka na kuacha.

Nilimwambia mamake kuhusu EARC, akashangaa.

"Mwanangu, si hizo ofisi ni za wasiosikia na wasioona?"

"Hapana, mama. Hata shida ya kusoma wanaangalia."

"Na wakisema nimpeleke shule ya mbali? Pesa nitatoa wapi?"

Hapo ndipo wazazi wengi hukwama. Lakini mtoto kama huyu kwa kawaida hahitaji shule ya mbali. Anahitaji mwalimu anayejua kumfundisha, muda zaidi wa mtihani, na nafasi ya kujibu kwa mdomo. Vitu hivi havihitaji jengo jipya. Vinahitaji walimu waliofunzwa wafike hadi darasa la mtaani, na hapo ndipo tunafaa kuisumbua serikali.

Mamake amesema Jumatatu atafunga kibanda aende ofisi ya elimu kuulizia kituo cha kupimia. Siku moja bila mauzo si mchezo kwake. Nimemwambia nitamsindikiza.

Wewe pia kama una mdogo wako anayejificha kitabu kikifunguliwa, usimcheke. Mpeleke apimwe. Mimi hakuna aliyenipeleka.