Weusi Unaoingia Hadi Ndani ya Nakshi

Fremu ya nakshi ikipakwa rangi ya mbao ya dukani, mara nyingi mifereji hutoka myeusi tititi huku migongo ya maua ikibaki kahawia. Fundi huongeza mkono wa pili, wa tatu, na mabaka yanazidi. Rangi nyingi za namna hiyo ni chembe laini ndani ya mafuta au thina, nazo hutuama mfereji ulipo na kufutika tambara linapopita juu. Tena patasi imekata nyuzi za mbao kila upande. Zilipokatwa vichwani zimebaki wazi kama mirija, na hapo mbao hunywa kupita kiasi.

Kwa kazi ya nakshi napendelea weusi unaozaliwa ndani ya mbao yenyewe. Mbao nyingi zina tanini, iliyomo pia kwenye chai na kwenye magome ya mikoko yaliyotumika kutengenezea ngozi. Tanini ikikutana na chuma kilichoyeyuka hugeuka nyeusi.

Kupata chuma hicho, osha stilwaya kwa sabuni ili mafuta yatoke, kisha iloweke siku chache kwenye siki nyeupe. Chagua ile inayoshika kutu, nyingine haitayeyuka. Mfuniko usikazwe: mapovu yanayopanda ni haidrojeni, gesi inayowaka. Halafu chuja.

Usikimbilie kupaka maji hayo. Paini ina tanini kidogo, na hata kwenye mbao yenye tanini nyingi, kiini hakilingani na sehemu nyeupe ya pembeni. Hatua inayosawazisha ni chai: ipike nzito sana, ipoe, uisukume kwa brashi hadi kwenye kila kona ya jani na ua. Ikikauka, nyuzi zitakuwa zimesimama. Zilaze kwa msasa laini, na mfereji usugue kwa brashi ngumu.

Sasa paka maji ya chuma kwa brashi nyingine, maana ile ya chai ikiingia humo itachafua kopo zima. Mbao itakuwa kijivu, kisha samawati iliyoiva, kisha nyeusi, mbele ya macho yako. Maji yaliyotuama yafyonze mara moja kwa brashi kavu. Ukiona baka lililopauka, rudia chai hapo, kisha chuma.

Ikikauka itaonekana ya vumbi. Mafuta ya kitani huurudisha weusi. Matambara ya mafuta hayo yatandaze nje yakauke, kwani yakirundikwa hujipasha joto yenyewe na huweza kushika moto.