Mwanga unaoua virusi: uliza maswali kabla ya kununua dawa ya kupaka

Msomaji, huenda wewe ndiwe unayesimamia kantini ya kiwanda kule Lunga Lunga Road, au una matatu inayobeba wafanyakazi kati ya Kayole na Industrial Area. Muuzaji anakujia na mkebe wa dawa ya kupaka. Anasema ukiipaka kwenye meza, vitasa na vyuma vya kushikilia, mwanga utaifanya iue asilimia 99.9 ya virusi mwaka mzima, bila wewe kushika kitambaa. Na cheti cha maabara anacho.

Cheti chenyewe kinaweza kuwa cha kweli. Jambo la kujua ni kile ambacho maabara ilipima.

Dawa nyingi za aina hii hutegemea titaniamu dioksidi, unga mweupe unaotiwa katika rangi za nyumba zinazotengenezwa papa hapa Industrial Area. Mchanga wenye titaniamu ulichimbwa Kwale kwa zaidi ya miaka 10 hadi Desemba 2024, ukisafirishwa ng'ambo kupitia Likoni. Mwaka 1972 Wajapani wawili, Akira Fujishima na Kenichi Honda, walieleza katika jarida la Nature kwamba madini hayo yakimulikwa ndani ya maji huyapasua kuwa hidrojeni na oksijeni. Juu ya meza, mwanga huyafanya yatumie unyevu na oksijeni ya hewani kuunda chembe kali zinazotoboa na kuharibu virusi. (Usidhani kuta zako nyeupe zinafanya kazi hiyo. Wenye viwanda vya rangi huzifunika punje za titaniamu makusudi, la sivyo zingeila rangi yenyewe igeuke chaki.)

Sasa twende maabarani. Shirika la viwango la kimataifa, ISO, lilitoa utaratibu wa kupima mwaka 2014, nambari 18061, na mwingine wa mwanga wa ndani ya nyumba mwaka 2016, nambari 18071. Huchukuliwa kigae kidogo kilichopakwa dawa, kikadondoshewa maji yenye virusi, kikafunikwa kwa karatasi nyembamba ya plastiki ili maji yatandae na yasikauke, kisha kikawekwa chini ya taa kwa saa kadhaa. Kigae cha pili, kisicho na dawa, huwekwa chini ya taa hiyo hiyo. Cha tatu kina dawa lakini hukaa gizani. Mwishowe virusi vilivyobaki huhesabiwa.

Virusi vinavyotumika si vya korona wala vya mafua. Huitwa Q-beta, navyo hushambulia bakteria tu, hivyo mpimaji hana hofu ya kuugua. Sioni kosa hapo, kwa kuwa havina ganda la mafuta kama la korona, na virusi visivyo na ganda hilo kwa kawaida ni sugu zaidi.

Wasiwasi wangu uko kwenye saa na taa. Abiria akikohoa kiganjani na kushika chuma cha matatu pale Donholm, mwenzake atakishika chuma hicho baada ya sekunde chache tu. Dawa iliyopewa saa nne au nane maabarani haijaanza kazi. Na hiyo 99.9 uisome vizuri: ukianza na virusi milioni moja, vinabaki 1,000.

Kuhusu taa, titaniamu ya kawaida huhitaji miale ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho ambayo jua linayo kwa wingi. Kioo cha dirisha huipunguza, na taa za LED za kawaida karibu hazina kabisa. Godauni lenye taa mbili hafifu, au matatu ya saa mbili usiku, si sawa na kisanduku cha maabara. Watengenezaji wengine huongeza shaba ili dawa ifanye kazi kwa mwanga wa kawaida. Lakini shaba huua virusi hata gizani, na ndiyo sababu kigae cha tatu ni muhimu: kinakuonyesha kama kweli unalipia mwanga. Cheti kisichotaja kigae cha gizani mimi ningekirudisha. Halafu kuna mafuta ya chapati na vumbi la barabarani, vitu ambavyo kigae safi hakikukutana navyo. Uchafu ukiifunika dawa, mwanga hauifikii.

Kipimo cha mwanga na giza kiliwahi kufanywa hapa Kenya kwa njia nyingine. Katika utafiti wa Kajiado uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1996, watoto 206 wa Kimaasai wa umri wa miaka 5 hadi 16 walipewa chupa za plastiki za maji ya kunywa. Baadhi waliziweka juani, wengine ndani ya nyumba. Waliotumia jua waliharisha vibaya mara chache kuliko wenzao. Ona kilichohesabiwa: watoto waliougua, wala si viini kwenye kigae. Ushahidi wa namna hiyo ndio ningependa muuzaji wako aulete.

Isitoshe, korona huenea hasa kwa hewa tunayopumua pamoja. Mnamo Aprili 2021 idara ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilikadiria kwamba ukigusa mahali penye virusi hivyo, uwezekano wa kuambukizwa kwa kawaida ni chini ya 1 kwa 10,000. Dirisha la matatu lililofunguliwa lina faida kuliko chuma kilichopakwa. Virusi vya kuharisha na kutapika, kama rota na noro, ndivyo hupita sana kwa mikono na meza, na hivyo vinahitaji maji na sabuni.

Ukiletewa cheti, uliza nambari ya ISO, aina ya taa, saa ngapi, na matokeo ya gizani. Ikiwa hukielewi, KEBS, ambayo ndiyo mwanachama wa ISO kwa niaba ya Kenya, ina makao makuu Popo Road, karibu na Mombasa Road.

Kwa meza za kantini, osha kwanza kwa sabuni. Kisha chukua Jik yenye nguvu ya asilimia 3.5, changanya kikombe kimoja na vikombe 34 vya maji, paka, uache dakika 10, ufute. Mtu akitapika, tumia kikombe kimoja kwa vikombe sita, na usiichanganye na dawa nyingine yoyote. Tengeneza mpya kila asubuhi na uiweke gizani, kwani hii nayo mwanga huiharibu.