Sikukuu inapomkuta mfiwa

Kila tarehe 1 Agosti, nchi yetu ya Kongo huadhimisha Siku ya Wazazi. Asubuhi watu huenda makaburini kufyeka majani na kuwaombea wazee wao. Mchana hurudi nyumbani kula na wazazi walio hai. Wafiwa wa Kasongo na Kabambare wanaweza kuufuata mpango huo hata siku ya Idi, Krismasi au Bonane.

Mwaka 1999 watafiti wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza kwamba mfiwa huenda na kurudi kati ya kazi mbili: kuukabili uchungu wake, na kushughulikia maisha yanayoendelea. Anazihitaji zote mbili. Basi anayecheka siku ya sherehe hajamsahau marehemu, na anayetoka katikati ya ngoma akalie hajaharibu furaha ya watu.

Sikukuu huuma kwa sababu kila mtu ana kazi yake: huyu huchinja, yule hugawa nyama, mwingine huwanunulia watoto nguo. Mmoja akifariki, kazi yake hubaki wazi mbele ya macho ya wote. Familia ikutane siku chache kabla, iamue nani ataishika. Kabla ya kula, mtajeni marehemu kwa jina, mumwombee, kisha mle. Anayetaka kukaa kidogo na kuondoka aachwe aende.

Mjane wa Kiislamu kwa kawaida hukaa eda miezi 4 na siku 10, na Idi inaweza kumkuta humo. Eda humzuia kujipamba. Haimzuii kula vizuri wala kutembelewa na ndugu zake. Mpelekeeni chakula, mkae mle naye.

Kabambare kuna uchungu wa namna nyingine. Mapigano ya upande wa Salamabila yamewakimbiza watu wakaacha makaburi yao nyuma, na vita huacha pia familia zisizojua ndugu yao yuko wapi. Pauline Boss, mtaalamu wa Marekani, ameeleza kwa miaka mingi jinsi msiba usio na hakika unavyokawia kupoa: watu hawajui walie au wangoje. Kama kaburi halifikiki, hitima au misa ifanyike pale mlipo. Kama kifo hakijulikani, msimlazimishe mama kukitangaza, ombeni naye.

Pombe haitibu huzuni. Shirika la Afya Duniani linashauri wafiwa wasipewe diazepamu na dawa za jamii yake kwa ajili ya majonzi. Lakini uchungu mkali ukizidi miezi 6, ukapita desturi za jamii na kumzuia mtu kazi zake, apelekwe kituo cha afya. Anayesema anataka kufa asiachwe peke yake, na apelekwe siku hiyohiyo.

Ndugu msomaji, sikukuu ijayo, kabla hujawasha moto wa kupikia, wakumbuke waliofiwa mtaani kwako mwaka huu, na kila mmoja apate mtu wa kwenda kumwona.