"Almasi" Tamu, "Kamasi" Chafu: Masikio Yako Yanakudanganya

Kuna maneno msee akitamka tu unasikia kama amekwaruza ubao na kucha. Langu ni "kamasi". Hata kuliandika hapa ni noma. Lakini sema "almasi" na mimi tayari naona pete. Sasa hebu yatamke yote mawili pole pole. Si ni karibu mlio mmoja? Ama cheki "fasaha" na "usaha". Moja ni mtu anajua kuongea, ingine ni kidonda kimeiva.

Kwa hivyo masikio yanasingiziwa tu. Mwaka wa 2016 mwanasaikolojia Paul Thibodeau wa Oberlin, Marekani, alichapisha utafiti kuhusu neno "moist", yaani unyevunyevu, ambalo Wamarekani wengi hawalitaki kabisa. Karibu mtu 1 kati ya 5 lilimchukiza. Wengine walisema shida ni vile linasikika, lakini "hoist" na "foist" hazikuwasumbua, na mlio ni ule ule. Kilichowakera ni mambo ya mwili: majimaji, makohozi, matapishi.

Si ati mlio hauna kazi kabisa. Huko nyuma 1929, Wolfgang Köhler aliandika kuhusu maneno mawili ya kubuni, "takete" na "baluba", na michoro miwili. Watu wengi hupea mchoro wenye ncha kali jina takete, na wa duara baluba. Jaribu na mabeshte zako. Lakini hapo ni umbo, hatujafika kwa uzuri.

Uzuri tunauleta sisi, na hapo ndipo watu huumia. Mfaransa akiburuta R kooni tunasema ana aksenti tamu. Msee wa ushago akichanganya R na L, tunasema anashrub, na tunaangua kicheko. Zote ni R tu, bana! Tofauti ni nani anaongea. Ngũgĩ wa Thiong'o, kwa kitabu chake cha 1986, Decolonising the Mind, anaeleza vile watoto walioshikwa wakiongea Gĩkũyũ shuleni walichapwa na kuvalishwa kibao shingoni cha kuwaita wajinga ama punda. Mlio wa Gĩkũyũ ulikuwa umekosea nani?

Vibao siku hizi ni vicheko. Kuna wasee huingia intavyuu na majibu yote kichwani, halafu wanajibu kwa neno mojamoja, wakiogopa R moja itoke vibaya.