MASHINE INALIA: KUNA NINI CHINI YA SHAMBA LAKO?

Tuseme uko shambani kwako, unapalilia mahindi. Wanakuja watu watatu usiowajua. Mmoja amebeba fimbo ndefu. Mwisho wa fimbo kuna kitu cha duara kama sinia. Masikioni amevaa visikilizio. Wanakusalimu vizuri. Kisha wanakuuliza, "Mzee, Wajerumani walipita hapa?"

Unajibu kuwa ndiyo, babu yako alisema walipita.

Wanapitisha lile sinia juu ya ardhi. Mashine inalia. Wanatazamana. Wanakwambia kuwa chini ya shamba lako kuna sanduku la rupia. Lakini sanduku hilo lina wenyewe, kwa hiyo inatakiwa dawa. Inatakiwa mbuzi mweusi, na shilingi laki tano za mtaalamu.

Kabla hujauza ng'ombe, soma habari hii.

MASHINE HII NI NINI?

Mashine hii ni ya kutafuta madini na vitu vya chuma vilivyofukiwa. Wachimbaji wadogo wa dhahabu huiita detekta. Si uganga. Ndani ya lile sinia mna waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Betri inapeleka umeme katika waya. Umeme huo unautia waya nguvu ya sumaku, na nguvu hiyo inaingia ardhini. Ikikuta chuma, shaba, fedha au dhahabu, kitu hicho nacho kinapata umeme kidogo na kurudisha nguvu yake juu. Mashine inaipokea, inalia. Hiyo ndiyo kazi yake yote.

Mashine inasema, "Hapa pana kitu." Haisemi kitu gani. Msumari unalia. Kizibo cha soda kinalia. Jembe lililovunjika la bibi yako linalia. Mashine za bei kubwa hukisia aina ya kitu kwa mlio au kwa namba, lakini nazo hukosea.

Tena haisikii mbali. Sarafu moja husikika ikiwa chini kwa sentimita 20 au 30 hivi. Hicho ni kina cha jembe la mkono, au zaidi kidogo. Kitu kikubwa kama debe kinaweza kusikika chini zaidi, labda mita moja. Mtu akikwambia mashine yake imeona sarafu mita 10 chini ya mwamba, amekudanganya.

Udongo nao huidanganya mashine. Udongo wetu mwekundu una chembe za chuma. Mawe ya volkano, kama yale ya mlima Hanang, yana chuma pia. Juu ya udongo wa namna hiyo mashine huweza kulia hata kama hakuna kitu.

Hata wakubwa walidanganyika. Mwaka 1881 Rais wa Marekani, James Garfield, alipigwa risasi. Risasi ikabaki mwilini, na madaktari hawakujua ilipo. Alexander Graham Bell, yule aliyevumbua simu, akatengeneza mashine ya namna hii ili aitafute. Mashine ikalia, lakini haikuonyesha risasi ilipo. Sababu moja ilikuwa kitanda. Kitanda kile kilikuwa na springi za chuma! Rais akafariki mwezi wa Septemba.

Baadaye mashine ikawa bora. Katika Vita Kuu ya Pili, Józef Kosacki, mwanajeshi wa Poland, alibuni mashine ya kutafuta mabomu ya ardhini. Mwaka 1942 ilitumika huko El Alamein, Misri. Vita vilipokwisha, watu wa Ulaya na Marekani walizichukua mashine hizi kwa burudani. Siku ya mapumziko wengine huenda kuvua samaki, wengine huenda na mashine katika mashamba ya watu, kwa ruhusa ya wenye mashamba. Mara nyingi hurudi na vifungo vya nguo na misumari yenye kutu, na wanaridhika.

JE, WAJERUMANI WALIFUKIA MALI?

Wajerumani walitawala nchi yetu mpaka Vita Kuu ya Kwanza. Mbulu walikuwa na boma. Pesa yao ilikuwa rupia. Rupia moja ilitengenezwa kwa fedha, uzito wake gramu 11 na nusu hivi. Upande mmoja ina sura ya mfalme wao, Wilhelm wa Pili. Kodi ya nyumba ilikuwa rupia 3 kwa mwaka, na babu zetu walihangaika sana kuzipata. Kwa hiyo rupia zilifika vijijini, na nyingine zilianguka, zikafukiwa, zikasahauliwa. Mtu kuokota rupia moja au mbili katika uwanja wa nyumba ya kale si ajabu. Huenda ni akiba ya babu yako mwenyewe.

Masanduku ya dhahabu ni habari nyingine. Sikiliza mambo yalivyokuwa. Vita vilipoanza mwaka 1914, meli za kivita za Waingereza zilifunga bahari. Pesa mpya hazikuweza kuja kutoka Ujerumani. Serikali ya Wajerumani ikaishiwa sarafu. Ikaanza kuchapa noti za karatasi hapa hapa nchini. Mwaka 1916, katika karakana ya reli huko Tabora, ilitengeneza sarafu za shaba. Maganda ya mizinga iliyokwisha kupigwa yaliyeyushwa kwa kazi hiyo.

Tabora pia zilitengenezwa sarafu za dhahabu, za rupia 15 kila moja. Zina picha ya tembo, na nyuma yake mlima. Dhahabu yake ilitoka Sekenke, katika nchi ya Wanyiramba, magharibi mwa Hanang. Zote zilikuwa kama 16,000 tu. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule Wabelgiji waliuteka mji wa Tabora. Leo sarafu moja ya namna hiyo ina bei kubwa kwa watu wanaokusanya sarafu za kale, kwa sababu ni chache.

Sasa fikiri mwenyewe. Serikali inayoyeyusha maganda ya mizinga ili ipate sarafu ya kulipa askari, ingepata wapi masanduku ya dhahabu ya kufukia katika kila kilima cha Mbulu?

Lakini watu wanaendelea kuchimba. Wanachimba chini ya mibuyu, chini ya misingi ya majengo ya zamani, hata makaburini. Wengine wanatafuta rupia ambayo eti huvuta punje za mchele, nao wanaambiwa kuwa kuna tajiri atakayeinunua kwa mamilioni. Mchele hauvutwi na rupia. Hata sumaku haivuti fedha wala dhahabu. Ukiona sarafu inang'ang'ania sumaku, ujue ndani yake mna chuma, na aliyekuuzia amekuibia. Tajiri yule haonekani kamwe. Anayeonekana ni yule anayetaka malipo kwanza.

VITU VILIVYOMO KWELI

Je, ardhi yetu haina kitu? Inacho. Katika vilima vya Kainam, Wairaqw wa zamani walijenga nyumba zao kwa kuchimba ndani ya mteremko, ili adui asizione kwa mbali. Pale zilipokuwa nyumba hizo kuna majembe, visu na vyungu. Wadatoga nao wana ukoo wa wahunzi, Gidang'odiga. Tangu zamani wahunzi hao hufua mikuki, mishale na bangili za shaba. Mashine ikipita mahali walipokaa, italia kweli.

Wadatoga wana pia bung'eda, makaburi ya wazee wenye heshima. Hujengwa kwa udongo, yakasimama kama kilima kidogo, na ukoo hukusanyika kwa sherehe ndefu. Katika uwanda wa Basotu, Wabarbaig walilalamika sana makaburi yao yalipolimwa kwa trekta, wakati wa mashamba makubwa ya ngano ya miaka ya 1970 na 1980. Mtafuta rupia anayechimba kilima cha bung'eda usiku anafanya ubaya ule ule, tena kwa makusudi.

Kuna hazina nyingine ambayo mashine haiwezi kuisikia kabisa. Katika wilaya ya Babati, juu ya nyanda za Mbulu, kuna mahali panapoitwa Luxmanda. Kuanzia mwaka 2012 wataalamu walichimba huko polepole, kwa vijiko na brashi. Walikuta vipande vya vyungu, zana za mawe, na mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Wafugaji waliishi hapo miaka 3,000 iliyopita, kabla chuma hakijajulikana huku. Mifupa ya mtu mmoja wa hapo ilipimwa, na matokeo yakatolewa mwaka 2017. Ilionekana kuwa zaidi ya theluthi moja ya asili yake ilihusiana na watu wa kale wa Mashariki ya Kati, na iliyobaki na watu wa Afrika. Hivyo ndivyo tunavyoanza kujua mifugo ilifikaje kwetu. Mtu mwenye mashine angepita juu ya Luxmanda siku nzima asisikie kitu. Na kama angechimba ovyo, vile vipande vya vyungu angevitupa pembeni kama takataka.

JIHADHARI NA MABOMU

Si kila kinacholia ni kizuri. Mwezi wa Aprili 1916 jeshi la Afrika Kusini, likiongozwa na Jenerali van Deventer, lilitoka Arusha likapita Lolkisale na Ufiome, likafika Kondoa. Mwezi wa Mei walipigana huko na jeshi la Wajerumani la von Lettow-Vorbeck. Mizinga ilipigwa. Risasi au bomu la mzinga ambalo halikulipuka laweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 100 na bado likaua.

Ukikuta kitu kizito chenye umbo la chupa au la ganda la risasi, usikiguse. Usikigonge kwa jembe, usikitie motoni, wala usimpelekee mhunzi akiyeyushe. Weka alama mbali kidogo, zuia watoto, kisha mwambie mwenyekiti wa kitongoji. Yeye atawaita polisi.

Hapa nitaje wanyama wanaoishinda mashine. Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Panya hasumbuliwi na misumari, kwa sababu ananusa baruti, si chuma. Mmoja, jina lake Magawa, alizaliwa huko Morogoro akapelekwa Kambodia. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza. Nishani ya dhahabu kwa panya!

SHERIA INASEMAJE?

Sheria ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964. Inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863. Hakuna ruhusa ya kuchimba ili kuvitafuta bila kibali cha serikali. Ukivikuta kwa bahati, wakati wa kulima au kuchimba choo, unatakiwa utoe habari serikalini au makumbusho. Rupia za Wajerumani ni za baada ya mwaka huo. Lakini kaburi, nyumba ya kale na jengo la zamani havichimbwi kwa sababu tu mtu anatafuta rupia.

Madini yote, pamoja na dhahabu, ni mali ya Taifa. Atakayechimba lazima awe na leseni. Na ardhi ya kijiji inasimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, kwa Sheria ya mwaka 1999. Kwa hiyo wale wageni watatu wa shambani waulize kwanza: Kibali chenu kiko wapi? Mmepita ofisi ya kijiji? Mara nyingi watakumbuka kuwa wana safari ya haraka.

Ukikuta kitu cha kale, kiache palepale kilipo. Usikisugue kwa mchanga ili king'ae. Wataalamu hutazama kilikaa wapi, kina gani, na kando yake kulikuwa na nini. Kitu kilichokwisha kung'olewa na kusuguliwa hakina habari tena.

Bwana mmoja wa Uingereza alilijua jambo hili. Jina lake ni Eric Lawes. Mwezi wa Novemba 1992 rafiki yake, mkulima Peter Whatling wa kijiji cha Hoxne, alipoteza nyundo shambani. Alimwomba Lawes aje na mashine yake amsaidie kuitafuta. Mashine ikalia. Lawes akachimba, akatoa vijiko vya fedha, mapambo ya dhahabu na sarafu nyingi. Akaona bado vipo vingine chini. Basi akaacha kuchimba. Hakuita matajiri wala waganga. Walitoa habari, na kesho yake wataalamu wakafika.

Kwa kuwa vitu vilikuwa bado palepale, wataalamu waliona hata alama za sanduku la mti lililokwisha kuoza, na jinsi vitu vilivyopangwa ndani. Zilikuwa sarafu karibu 15,000, za Warumi, zilizofukiwa miaka 1,600 iliyopita. Lawes alilipwa pauni 1,750,000. Aligawana na mkulima Whatling.

Nyundo ya Whatling nayo ilipatikana. Imewekwa katika makumbusho ya British Museum, London, pamoja na ile dhahabu.