Kuksi, Tambi Baridi za Wakorea wa Asia ya Kati

Huko Tashkent, mji mkuu wa Uzbekistan, jua la Julai liwakapo hata joto likafikia digrii 40, Wauzbeki na Warusi kadhalika huingia migahawa ya Wakorea kutaka kuksi: tambi nyembamba za ngano ndani ya mchuzi baridi uliotiwa siki, sukari kidogo na mchuzi wa soya.

Asili ya maakuli haya ni Korea, lakini sura yaliyo nayo leo yameipata kwa dhiki. Tangu miaka ya 1860 wakulima wa Kikorea walikuwa wakivuka mpaka na kulowea mashariki ya mbali ya Urusi, wakazaa na kujukuu huko, hata mwaka 1937 serikali ya Stalin, kwa kuwadhania kuwa majasusi wa Japani, ikaamuru wahamishwe wote. Nao, zaidi ya 170,000, wakapakiwa katika magari ya moshi ya mizigo, wakasafirishwa majuma kadhaa hadi Kazakhstan na Uzbekistan, ambako wengi walipitisha majira ya kwanza ya baridi ndani ya mashimo waliyoyachimba ardhini, na wazee na watoto wengi wakafariki.

Mpishi wa kuksi hutangulia kuandaa vitoweo. Nyama ya ng'ombe hukatwa vipande vyembamba, ikakaangwa kwa vitunguu. Mayai hukaangwa bapa kama chapati ya maji, yakakatwa nyuzinyuzi. Matango hutiwa chumvi, yakakamuliwa, yakachanganywa na kitunguu saumu, pilipili na siki. Tambi huchemshwa mwisho, na lazima zisuuzwe mara kadhaa kwa maji baridi zisigandamane. Juu yake hunyunyizwa majani ya giligilani na ya shibiti, na hapo ndipo mgeni kutoka Seoul hustaajabu, maana shibiti ni mazoea ya jiko la Kirusi.

Wako wasemao kwamba kwa sababu hiyo kuksi si chakula halisi cha Kikorea. Mimi siafikiani nao. Watu hawa shule zao za Kikorea ziligeuzwa za Kirusi mwaka 1938, na aghalabu wajukuu hawaijui tena lugha ya mababu. Lakini bakuli hili hawakuliacha, wakalipika kwa kile kilichopatikana sokoni, na sharti la chakula kuwa cha watu fulani ni kwamba watu hao wakipike na kukila, si kwamba kisibadilike. Tangu Umoja wa Kisovieti uvunjike, maelfu yao wamehamia Korea Kusini kutafuta kazi, na katika miji ya Ansan na Gwangju wamefungua migahawa, ambamo wenyeji hujifunza kuila kuksi pamoja na shibiti yake.