Deni la Shule ya Meno Lipimwe kwa Nyongeza, Si kwa Mshahara

Tuchukue mfano wa dada mmoja wa Dallas, Texas. Ni wa kubuni, ila wanaofanana naye si haba. Anapanga maboksi ghalani kwa dola 17 kwa saa. Miguu inamuuma, na kwenye simu amekutana na tangazo: soma miezi michache, uwe msaidizi wa daktari wa meno. Ada ni dola 15,000, na asiwe na wasiwasi, mkopo upo. Kliniki ya mtaani kwake huwaanzisha wasaidizi wapya kwa dola 18.

Wengi wetu tungeuliza kama mshahara huo unaweza kulibeba deni hilo. Unaweza. Mkopo wa 15,000 ukilipwa kwa miaka 10 kwa riba ya asilimia 6, marejesho ni kama dola 167 kwa mwezi, yaani takriban 2,000 kwa mwaka. Mshahara wa dola 18, kwa saa 40 kila wiki, ni dola 37,440 kwa mwaka. Deni linachukua asilimia 5 na kitu. Kanuni ya Wizara ya Elimu ya Marekani iliyoanza kutumika Julai 2024 iliweka kipimo cha asilimia 8 ya mapato ya mwaka, kwa hiyo hata kwa kipimo hicho dada huyu yuko salama.

Tatizo ni kwamba dada huyu haanzi na mfuko mtupu. Ghalani tayari anapata dola 35,360 kwa mwaka. Shule imemwongezea dola moja kwa saa, sawa na 2,080 kwa mwaka. Ondoa makato ya Social Security na Medicare, asilimia 7.65, inabaki kama 1,920, na kodi ya mapato bado haijagusa kitu. Marejesho ni 2,000. Nyongeza yote inakwenda kwa mkopeshaji, na dada anatoa kidogo cha kujazia, kwa miaka 10.

Hapo tumedhani anapata saa zote 40. Kliniki nyingi za meno hufungwa Ijumaa. Kwa saa 32, dola 18 zinaleta 29,952 tu kwa mwaka, wakati kule ghalani huenda alikuwa akipata na ovataimu. Kupumzisha miguu na kuvaa sare safi kuna thamani yake, sibishi. Lakini mtu ajue ananunua nini na kwa bei gani.

Mwenye shule atakuonyesha takwimu nzuri zaidi, na huenda hadanganyi. Mwaka 2023 mshahara wa kati wa wasaidizi wa meno Marekani nzima ulikuwa dola 46,540. Maana yake nusu walipata zaidi na nusu walipata chini ya hapo, wakiwemo waliokaa kwenye kazi hiyo miaka 20. Wewe uliza wa kwanza kuajiriwa analipwa ngapi, katika mji wako.

Kazi yenyewe ni nzuri, mradi mlango wa kuingilia uwe wa bei nafuu. Katika majimbo mengi sheria haidai cheti cha shule ili uanze. Daktari anaweza kukufundisha palepale kwenye kiti. Mengi hujifunzwa kwa mikono: kumpa daktari kifaa bila yeye kuinua macho kutoka mdomoni mwa mgonjwa, kuushika mpira wa kufyonza mate bila kumkaba mtu koo, kuukoroga unga wa kuchukulia umbo la meno kabla haujaganda. Texas, anayepiga eksirei lazima asajiliwe na bodi ya jimbo. Kwa hiyo soma kwanza kanuni za jimbo lako, usije ukalipia kwa maelfu kitu ambacho hakidaiwi.

Cheti cha kitaifa cha usaidizi wa meno, CDA, nacho kina njia zaidi ya moja. Moja ni kuhitimu programu iliyoidhinishwa na CODA, chombo kinachokagua mafunzo ya meno nchini Marekani. Nyingine ni kuwa na cheti cha sekondari pamoja na saa zisizopungua 3,500 za kazi hiyo. Zote mbili huishia kwenye mtihani. Saa hizo 3,500 ni karibu miaka miwili, na unazitimiza ukiwa unalipwa.

Ukiona shule ndiyo njia yako, anzia chuo cha jamii. Mwenye green card na kipato kidogo anaweza kuomba Pell Grant, ruzuku ya serikali ambayo kwa mwaka wa masomo 2024–25 ilifika hadi dola 7,395 na hairudishwi. Ukibaki na deni la 5,000, marejesho ni kama dola 56 kwa mwezi. Uliza pia kama masomo yako yatahesabiwa ukitaka kusomea usafishaji wa meno baadaye, kwa sababu mshahara wa kati wa kazi hiyo mwaka 2023 ulikuwa dola 87,530. Masomo ya shule nyingi za wiki chache hayahamishiki.

Kukopa harusi, kulipa matanga. Corinthian, kampuni iliyokuwa na shule za Everest zilizofundisha pia kazi hii, ilifunga milango Aprili 2015. Wengi walibaki na deni, hadi serikali ilipotangaza Juni 2022 kufuta mikopo ya serikali ya wanafunzi wake wote: watu 560,000, dola bilioni 5.8.

Kabla ya kusaini, fungua tovuti ya College Scorecard uone wahitimu wa programu hiyo wanadaiwa na wanapata kiasi gani. Kisha nenda kliniki mbili za jirani, umuulize msaidizi alianza na dola ngapi, saa ngapi kwa wiki, na aliingiaje. Toa mshahara wako wa sasa kwenye huo utakaoupata. Mimi hushauri kinachobaki kiwe angalau mara mbili ya marejesho ya mwaka. Kisipofika hapo, muulize yule msaidizi swali moja zaidi: daktari wake anamhitaji mwanafunzi wa kufundishwa?